Simu Ikisema Anua

Septemba 28

Mvua ya kwanza ya msimu imekuja leo mchana na imekula ndagala za mama. Si za mama peke yake. Uwanja mzima wa kuanikia, kuanzia kwenye mawe hadi pale mitumbwi inapovutwa nchi kavu, umegeuka uji. Ndagala ni samaki wadogo kama kidole cha mtoto. Wakilowa wakati wameshaanza kukauka, basi, habari yao imekwisha. Wananuka, na harufu inapanda mpaka barabara kuu ya mji wetu wa Baraka.

Jioni walikuja watu wa kamati ya bandari wakiwa wamekunja pua. Mwenyekiti wao alisimama mbele ya mama yangu, Mama Adolphine, ambaye ndiye présidente wa banamama waanikaji. Alisema kuna mfanyabiashara wa mbao anayeutaka uwanja huo aufanye depo yake. Kamati itawaangalia banamama mpaka Desemba, siku za giza la mwezi ambazo samaki ni wengi, ndipo ije kukagua. Ikikuta uwanja bado unaoza, utapewa mtu wa mbao. Aliyasema kwa adabu sana, na adabu hiyo ndiyo iliyonichemsha.

Mama aliwasindikiza kwa macho mpaka barabarani. Kisha akaniambia, "Bakitunyanganya hii uwanja, tutaanika wapi? Ku kichwa?"

Mimi Georgette, mwalimu wa informatike hapa hapa Baraka, nimekula na kusoma kwa ndagala za uwanja huo. Leo nimeapa kwamba mvua haitatushtukiza tena. Ninayaandika haya ili niwe na shahidi.

Oktoba 3

Nimemaliza. Ni ukurasa wa wavuti, na nimeupa jina Anua, kwa sababu ndilo neno banamama wanaloambiana mvua ikitisha: anua, ondoa juani, funika. Unafunguka kwenye simu yoyote yenye intaneti, hata ile ya kioo kilichopasuka. Unaona ziwa, unaona milima, unaona mvua iko wapi. Hakuna cha kupakua wala kusakinisha. Ni mzuri. Nimeufungua mara nyingi leo bila sababu yoyote.

Nimemtumia Élie, mtoto wa mama mdogo, anayetengeneza programu za simu kule Uvira. Amejibu, akiniita dada mkubwa kama siku zote: "Yaya, iko muzuri. Sasa nani ataifungua?"

Wivu tu.

Oktoba 4

Jua. Samaki wengi. Mama anaimba.

Oktoba 8

Mvua imepiga tena. Robo ya uwanja imekwenda.

Linaloniuma ni hili: ukurasa wangu ulikuwa unajua. Niliufungua baada ya kutoka darasani nikakuta rangi nyekundu imekaa juu ya Baraka kwa muda mrefu. Mama alikuwa na simu kiunoni, ndani ya kitenge, na mikono yake yote miwili ilikuwa imejaa samaki. Ukurasa ulikaa kimya kama jirani anayeona nyumba yako inaungua na anamalizia chai yake kwanza.

Nilimpigia Élie. Sikutaka, lakini nilimpigia.

"Yaya, nilikuambia," alisema. "Site ni duka. Mutu anaingia akikumbuka. Application yenyewe inakuya kukugonga ku mulango."

"Application ni nzito. Simu ya bamama zimejaa. Na nani ataweka? Mega za kupakua batatoa wapi?"

"Basi baki na duka yako."

Nilimkatia simu. Huyu kijana nilimbeba mgongoni.

Oktoba 11

Nimepata dawa, na sihitaji programu ya Élie. Siku hizi hata ukurasa wa wavuti unaweza kutuma arifa. Mtu anaufungua mara moja tu, simu inamuuliza kama anakubali kupokea arifa, anabonyeza Autoriser, na tangu hapo mvua ikija simu inalia yenyewe. Nimetuma kiungo kwenye WhatsApp ya banamama pamoja na maelezo mafupi. Kesho nitalala usingizi wa mtu mwenye akili.

Oktoba 12

Wote wamebonyeza Bloquer.

Wote. Mama yangu mwenyewe yumo. Nilimuuliza kwa nini, akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu.

"Si we njo ulitufundishaka? Ulisema beko bezi ba mu simu. Ulisema simu ikikuuliza kitu, kataa. Njo tumekataa."

Ni kweli. Mwaka jana, wezi wa pesa za simu walipowachezea watu, niliwakusanya banamama nikawafundisha kukataa kila kitu. Walinipigia makofi. Sijawahi kuwa na wanafunzi wanaoshika somo namna hii, na ubaya ni kwamba simu ikishakataliwa mara moja haiulizi tena. Inabidi kuingia ndani kabisa kwenye réglages, yaani mipangilio, simu moja baada ya nyingine. Nimekaa mchangani leo nzima nikifanya hivyo, na kila mama alinisimamia begani asije akaibiwa.

Oktoba 17

Mbalamwezi. Wavuvi wamelala, maana ndagala hawafuati taa mwezi ukiwa mkubwa. Nimesahihisha mitihani.

Oktoba 20

Arifa ya mvua ya jana imefika kwenye simu ya mama leo, katikati ya misa. Hizi simu za bei nafuu zinazima kila kitu ili kulinda betri, na kivinjari ndicho cha kwanza kuuawa. Padri alisimama akasubiri. Mama alitembea mbele yangu njia nzima ya kurudi nyumbani.

Nimemwandikia Élie neno moja tu: njoo.

Oktoba 26

Élie ameshuka na boti akiwa na kompyuta mgongoni na kicheko usoni. Programu yake haihitaji intaneti kuwekwa. Anairusha kwa Bluetooth kutoka simu hadi simu, kama watu wa hapa wanavyorushiana nyimbo. Hilo sikulifikiria. Naliandika na kulipita haraka.

Tatizo lilikuwa nafasi. Simu ya Mama Dorothée, anayeanika jirani na mama na ambaye hakuna kitu duniani anachokikubali mara ya kwanza, imejaa mpaka shingoni.

"Tufute kwaya moja tu, Mama," Élie alimwambia.

"Ile njo mujukuu wangu anaimba peke yake. Hapana."

"Na hii video ingine?"

"Ile ni maziko ya bwana yangu."

Élie aliishusha simu taratibu. Nilimpenda kwa namna alivyoishusha. Mwishowe walipatana kufuta picha za maua zenye salamu za asubuhi ambazo watu hutumiana WhatsApp, na hata hizo Mama Dorothée aliziangalia moja baada ya moja kabla ya kukubali ziende.

Oktoba 29

Programu inalia hata simu ikiwa imelala. Inalia kwa nguvu, inalia kwa wakati. Mimi mwenyewe nimeruka nikamwaga chai.

Nina wivu. Nalisema wazi.

Novemba 2

Mwezi umezama, samaki wanakuja kwa beseni, na simu zinalia kila siku mchana. Kila siku. Élie anachukua utabiri unaotolewa kwa eneo lote, na eneo lote maana yake ni milima, na milimani mvua hainyimi mtu siku hizi. Inanyesha huko juu na kuishia huko. Huku chini banamama wanaanua, wanafunika, jua linawacheka, wanaanika upya. Migongo inauma.

Juu ya hayo Élie ameongeza salamu. Asubuhi simu inalia: "Bonjour Mama, umefungua Anua leo?" Mchana inalia tena. Anasema Uvira amejifunza kwamba programu isiyosema inasahauliwa.

"Iko inanisalimia kuliko batoto bangu," amesema Mama Dorothée. Hakuwa anasifu.

Novemba 4

Nitaliandika lote, japo mikono yangu bado ina magamba na inanuka.

Asubuhi uwanja ulikuwa umejaa samaki wenye rangi ya fedha. Sijawahi kuuona umejaa namna ile. Banamama walianika hadi kwenye njia ya kupita, wakaacha sehemu ya mguu mmoja tu. Mama aliniita niangalie kabla sijaenda shule, akanishika mkono, akasema tu, "Ona." Nilikuwa na furaha. Niliingia darasani na furaha hiyo.

Mvua iliposhuka nilikuwa ubaoni. Nilisikia bati zinapigwa, nikawaza: sawa, simu zimeshalia, wameshafunika. Niliendelea kufundisha. Hilo ndilo nisilojisamehe leo.

Nilipofika uwanjani banamama walikuwa wanakimbia na mabache yao, yale maturubai ya kufunikia, lakini maji yalikuwa yamefika kabla yao. Samaki walikuwa wanateleza kurudi ziwani kana kwamba hawakuwahi kuvuliwa. Mama Dorothée alikuwa amepiga magoti anawazuia kwa kitenge. Nilipiga magoti karibu naye na sisi wawili tukawa tunakusanya uji.

"Simu haikulia?" nilimuuliza.

"Ililia. Labda ililia. Mi niliinyamazishaka tangu juzi. Sisi bote."

Nani aliwafundisha? Yeye alimfundisha mama yangu, na mama yangu akawafundisha wengine: unashika arifa kwa kidole, unaikokota pembeni, unabonyeza pale, haikusumbui tena. Siku nne zilitosha kuwafundisha banamama wote kitu ambacho mimi darasani nakifundisha kwa mwezi.

Mwenyekiti wa kamati alipita na mwavuli. Aliangalia samaki waliolowa, na pembeni yake alikuwepo yule mtu wa mbao, ambaye tayari alikuwa anapima uwanja kwa macho.

Mama amekaa nyuma ya nyumba mpaka sasa. Nilimpelekea chakula, akasema ameshiba.

Novemba 5

Nimegombana na Élie. Kisha ameingia kwenye programu akafuta salamu zake zote mbele yangu, moja moja, bila kuambiwa.

Novemba 9

Chini kabisa ya ukurasa wangu wa wavuti, ule wa kwanza ambao hakuna anayeufungua tena, niliacha mahali pa kuandika maoni. Sijui kwa nini leo nilienda kupaangalia. Palikuwa na ujumbe mmoja, wa mchana ule ule wa tarehe nne, umeandikwa kabla mvua haijatufikia.

"Huku Minembwe mvua imeanza na inashuka kwenu. Mugwaneza."

Kiungo changu kilikuwa kimerushwa kutoka simu hadi simu mpaka kikapanda milima. Hakuna programu ya kusakinishwa ambayo ingefika huko. Bluetooth haivuki mlima, na angeipakua kwa mtandao gani?

Mugwaneza namjua. Tulikaa dawati moja tukisoma Uvira. Yeye ni wa familia za wafugaji wa juu, mimi ni Mubembe wa ziwani, na enzi hizo tulichekana lafudhi tu basi. Halafu uhasama wa watu wa juu na watu wa chini ukawa kama ulivyo, na hakuna kati yetu aliyempigia mwenzake tena. Nilipoliona jina lake sikufurahi. Niliwaza: huyu anatafuta nini kwetu? Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Novemba 10

Nimempigia. Simu yake inashika mtandao akipanda tuta nyuma ya shule anakofundisha, kwa hiyo tulikatikakatika sana.

"Georgette," alisema, "mi nilijua utapiga. Sikujua mwaka gani."

Tulicheka, na kicheko kilitupunguzia mzigo. Alinieleza. Kuna mvua inayonyesha kwao ikaishia kwao, na kuna mvua inayogeuka ikateremka ziwani. Inayoteremka inakuja na upepo wa kutoka nyuma ya shule, na ng'ombe wanaupa mgongo. Amekuwa akiiona tangu utoto na hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu chini anayeihitaji habari hiyo.

Nilimuuliza swali nililolala nalo. "Juu ya nini unatusaidia?"

Akajibu: "Mama yangu iko anapendaka ndagala ya Baraka sana. Siku hizi haipande huku. Ikipanda, imeoza. Njo hivyo tu."

Novemba 12

Mkutano wa banamama. Nimewaambia habari za Mugwaneza, na nusu yao wakainama wakaanza kuangalia vidole vyao.

"Mutu wa kule juu njo atatuambia anua?" aliuliza Mama Dorothée. "Na akitudanganya? Tuanue bule, bacheke?"

Sikuweza kumlaumu, kwa sababu juzi tu niliwaza yale yale.

Mama alisimama. Ni mara ya kwanza tangu tarehe nne namsikia akisema kwa sauti. "Ngombe yake inalowa kwanza, mbele ya samaki yangu. Basi anajua mbele yangu. Mi nitamusikiliza. Mwenye hataki, asisikie, lakini bache yake aiweke karibu."

Nilimtazama mama yangu nikajivunia kwamba ndiye aliyenizaa.

Novemba 15

Mbalamwezi. Hakuna samaki, kwa hiyo tumefanya kazi yetu.

Mugwaneza amebaki na ukurasa wa wavuti. Nimeupunguza mpaka ukawa mwepesi kabisa: una kitufe kimoja kinachosema Inashuka. Unafunguka hata kwa mtandao wa kuombaomba. Akibonyeza, programu ya Élie huku chini inalia, maana tumepita simu kwa simu tukiifungulia tena sauti. Hailii kwa kitu kingine chochote, hata Noeli. Mlio wenyewe ni sauti ya mama tuliyoirekodi sebuleni: "Bamama, anua! Inashuka!" Ukurasa wa wavuti hauwezi kulia kwa sauti uitakayo, programu ya kusakinishwa inaweza. Élie alitaka kuniambia hilo, nikamwambia najua, asinisumbue.

Tumefanya kazi siku nzima bila kugombana. Ni kijana mwenye akili, na nilichelewa kuliona.

Novemba 18

Leo tumejaribu mchana, bila kumwambia mtu. Mugwaneza alibonyeza. Mimi na Élie tulikuwa uwanjani tunasubiri mlio.

Kimya. Banamama wanasuka mikeka, wanasengenya. Hakuna simu hata moja iliyolia.

Halafu, kutoka upande wa barabara, tukamwona Norbert anakimbia. Norbert ana kibanda cha kuchajia simu chenye panneau za jua juu ya bati. Ni mtu mnene, mpole, na sijawahi kumwona akitembea haraka. Alikuwa anakimbia ameshika kichwa, na nyuma yake watu wengine walikuwa wanakimbia kwa sababu yeye anakimbia.

"Kuko nini? Kuko nini?" banamama waliinuka. Huku kwetu watu wakikimbia pamoja, hakuna anayefikiria mvua, wote hufikiria vita. Mama mmoja alishamfunga mtoto mgongoni.

"Ni Mama Adolphine!" Norbert alisema akihema. "Iko analalamika ndani ya simu zote!"

Tulielewa wote mara moja, na mimi nilikaa chini mchangani. Mchana ndio wakati wa jua. Wakati wa jua ndio wakati wa kuanika, na pia ndio wakati wa kuchaji. Tangu wachoke na milio, banamama walikuwa wameziacha simu zote zishinde kwa Norbert, zimepangwa kwenye rafu, na zote zimepiga kelele kwa sauti ya mama yangu mbele ya maskini huyo aliyekuwa anakula muhogo wake.

Yaani tangu Oktoba tunabishana, mimi na Élie, kama ni wavuti au programu, mlio upi, arifa ipi, na hakuna aliyeuliza simu zenyewe zinashinda wapi.

Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge. Norbert naye akacheka, baada ya kupewa maji.

Novemba 19

Nimeamkia kwa Norbert. Ana bafle kubwa ya kupigia muziki wa kuvutia wateja, inayosikika hadi kwenye mitumbwi. Nimemwomba tuchukue simu moja ya zamani, iwe na programu, isitoke kwenye chaja, na waya wake uingie kwenye bafle.

Alifikiri. "Kila siku nitasikia huyu mama?"

"Hapana. Siku ya mvua tu."

"Sawa. Mi pia iko nachoka na muziki."

Élie aliposikia amenipiga begani, akasema, "Yaya, arifa yako imepata mdomo."

Novemba 24

Mvua ndogo. Bafle ililia, uwanja ulikuwa mtupu. Lakini ililia kabla ya mvua. Mama Dorothée alisikia, akaangalia angani, akarudi jikoni.

Desemba 2

Giza la mwezi. Uwanja umejaa tena kama ile siku mbaya, na kamati ilikuja yote. Mwenyekiti, wenzake, na mtu wa mbao aliyekuja na kamba ya kupimia, kamba ya kweli sasa. Nimeomba ruhusa shuleni. Sikuweza kusimama ubaoni.

Anga ilikuwa safi. Juu ya milima palikuwa na wingu, lakini wingu hukaa huko kila siku. Mwenyekiti alitembea katikati ya mikeka, akainama, akavunja samaki mmoja akamwonja. Alikuwa anataka kusema kitu kizuri, niliona, wakati bafle ya Norbert ilipokohoa.

"Bamama, anua! Inashuka!"

Sauti ya mama yangu ilipita juu ya mitumbwi ikaenda ziwani. Mama mwenyewe alikuwa amesimama pale, amesikia akijiita, na kwa muda mfupi hakuna aliyesogea. Jua lilikuwa kali. Mtu wa mbao alicheka waziwazi.

"Jua yote hii? Banamama, munacheza na chakula."

Niliwaza juu ya Mugwaneza, amesimama kwenye tuta na upepo nyuma yake. Kama amekosea, tumekwisha, na yeye hataaminiwa tena huku maisha yake yote.

Mama aliinama akashika ncha ya mkeka. Alikunja. Jirani yake akakunja. Kisha ikawa kama nguo inavyokunjwa, uwanja mzima ukaanza kufungwa kutoka pembe zake, mabache yakafunguka, mawe yakawekwa juu ya mabache. Élie alikimbia na beseni kichwani. Mimi nilikimbia. Norbert alikuja akikimbia, mara ya pili katika maisha yake.

Mama Dorothée peke yake alisimama mbele ya samaki wake mikono kiunoni, anaangalia juu.

"Dorothée," mama alimwita.

"Hakuna wingu, Adolphine."

"Mi najua."

Sijui nini kilimgeuza. Labda ni kwamba mama hakubishana naye. Alitoa mikono kiunoni. "Georgette, shika huko," akaniambia kwa hasira, na tukakunja mkeka wake pamoja. Tulikuwa tunaweka jiwe la mwisho upepo ulipofika, baridi, wa kutoka mlimani, na ziwa likabadilika rangi. Kisha mvua. Si mvua ya kupita. Mvua ya kuvunja matawi.

Tulisimama chini ya paa la Norbert, banamama, kamati, mtu wa mbao na kamba yake, wote tumebanana, na mbele yetu uwanja ulikuwa umefunikwa pembe hadi pembe, na maji yanateremka juu ya mabache kwenda zake ziwani bila samaki hata mmoja. Mama mmoja akaanza kupiga vigelegele. Halafu wote. Nilipiga mimi ambaye sijui kupiga. Nililia pia, na sioni aibu.

Mwenyekiti aliuliza, "Nani amewaambia?"

Ni Mama Dorothée aliyejibu. "Mutu wetu wa kule juu," akasema.

Desemba 3

Nilimpigia Mugwaneza. Kabla sijasema neno akauliza, "Ililowa?" Nikamwambia haikulowa. Alipiga kelele kwenye tuta lake hadi nikasikia wanafunzi wake wanacheka nyuma.

Desemba 6

Kamati imetangaza sokoni. Uwanja unabaki kwa banamama waanikaji, na mbao zitawekwa upande wa mashine ya kusaga. Mwenyekiti amemwomba Élie amuwekee programu, kwa sababu mke wake anaanika muhogo.

Mama amekula sahani mbili.

Desemba 13

Élie amerudi Uvira na boti ya asubuhi. Nyumba imekuwa kubwa ghafla.

Desemba 28

Shule zimefungwa, na Mugwaneza ameshuka. Amekuja na pikipiki pamoja na watu wa kanisa lao, amejaa vumbi na matope. Tulishikana mbele ya watu wote bila kujua nani aanze kusema.

Nilimpeleka uwanjani. Samaki walikuwa wameanikwa mpaka ukingoni. Banamama waliacha kazi wakamzunguka, wengine kwa aibu kidogo. Mama alimwita "mwanangu". Mama Dorothée alikuja wa mwisho, amebeba kikapu cha ndagala kavu zilizochaguliwa moja moja.

"Ni we njo unatupigiaka?"

"Ni miye, Mama."

"Ya mama yako hii. Umwambie haijaoza."

Mugwaneza alipokea kwa mikono miwili akiwa amekunja magoti. Alianza kushukuru, lakini macho yake yalipita juu ya kichwa cha Mama Dorothée yakaenda milimani. Hajawahi kuiona mvua yake kutoka upande wetu. Aliangalia lile wingu ambalo sisi tunaliona kila siku, akaona linasukumwa upande wetu na ule upepo wa nyuma ya shule yake. Kule juu leo hapakuwa na mtu wa kubonyeza kitufe. Mwenye kukibonyeza alikuwa hapa, ameshika kikapu.

Akasema, si kwa nguvu, kwa sauti ya mwalimu tu: "Bamama, anua."

Bafle haikulia. Simu haikulia. Jua lilikuwa linawaka. Mama Dorothée hakugeuka hata kuangalia anga. Alikuwa wa kwanza kuinamia mkeka wake.